Mipira Saba ya Lorna

Lorna Kubicek alikuwa na mdomo, na mwenyewe hakukana. Tangu timu ya Mvua ya Mawe ianzishwe mjini Hadley, Nebraska, yeye ndiye mtunza vifaa: anafua jezi, anafunga magodoro kwenye kuta za uwanja, na kila anayeingia kununua mbegu dukani kwake anaambiwa kwamba timu hii itawashangaza watu. Kushangaa, watu walishangaa kweli. Mechi tisa, vipigo tisa.

Ni mpira wa Kimarekani huo, ila wa ndani ya ukumbi. Wanaume wanane kwa wanane, wanakimbia na mpira wenye umbo la yai na kubamizana ukutani, huku mashabiki wamekaa karibu kiasi cha kurushiwa jasho. Ukumbi wenyewe ni ule wa mnada wa ng'ombe. Utandike zulia la kijani usitandike, harufu iko palepale. Na meneja wa ukumbi hakuuma maneno: msiposhinda hata mechi moja, mwakani Jumamosi zenu nawapa watu wa rodeo, wale wa kupanda mafahali. Sasa ilibaki mechi moja tu, na ilikuwa leo.

Wageni walitoka Kansas na basi lao jipya. Lorna aliwatazama wakishuka, akamwambia kocha leo hawa watarudi kwao wamenuna. Kocha alishazoea, akaitikia tu.

Loo, na kweli! Sijui vijana walikuwa wamekula nini. Pengine ni ile supu ya maharage na mkate wa mdalasini ya akina mama wa kanisani. Walivusha mpira mstari wa goli mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, hadi ya sita. Kila wakivusha, Orrin Pavelka, dereva wa lori la maziwa, anakuja kupiga mkwaju wa nyongeza kati ya milingoti miwili. Na kila akipiga, mpira unapita milingoti, unaruka ukuta, unatua jukwaani. Lorna alirukaruka hadi kofia ikamdondoka.

Sasa, mpira ukiingia jukwaani ni wa aliyeudaka. Ndiyo desturi ya mchezo huu, na hakuna aliyeitangaza kwa mbwembwe kuliko Lorna mwenyewe. Siku ya mechi ya kwanza alishika kipaza sauti akasema: ukidaka ni chako, hata mimi nikija kukuomba, ninyime. Makofi yalipigwa hadi njiwa wa darini wakahama.

Zikabaki sekunde nne. Mvua ya Mawe wako nyuma kwa pointi mbili, na mkwaju wa Orrin wa moja kwa moja, usio wa nyongeza, ni pointi tatu. Mpira uliotangulia ulikuwa umemponyoka mdakaji ukaishia jukwaani, kwa hiyo refa akanyoosha mkono apewe mwingine. Lorna akaingiza mkono kwenye mfuko wa mipira. Akapapasa huku, akapapasa kule. Mfuko mtupu.

Kila timu hushambulia kwa mipira yake yenye muhuri wake, ya wageni haikopeshwi. Refa akatoa dakika moja. Mpira usipopatikana, mechi ni ya Kansas.

Lorna alipanda jukwaani mbio. Bwana wa kwanza alikuwa ameshaufungia wake ndani ya gari. Wa pili akaukumbatia na kumkumbusha, huku anacheka, kwamba alisema anyimwe. Wa tatu hata hakumtazama. Kama ni kufungwa, wangefungwa na Kansas, siyo na mfuko wake yeye.

Safu ya tatu, nyuma ya milingoti kabisa, alikaa Arlys, dada wa mume wake, na mapajani ana mpira. Siyo wa leo. Ni ule wa pointi za kwanza kabisa za timu, alioudaka mwezi Machi, na tangu hapo alikuja nao kila mechi.

"Wifi, naomba huo," Lorna alisema, pumzi juu.

"Ulileta mingapi leo?"

"Saba. Wifi, sina muda."

"Saba." Arlys aliuzungusha mpira mikononi taratibu. "Msimu mzima unatupigia kelele kwamba tutashinda. Halafu unakuja na mipira ya watu wa kufungwa."

Pale ndipo palipouma, maana ni kweli tupu. Usiku wa kuamkia jana, wakati wa kufunga mfuko, Lorna alikuwa amefikiri hivi: timu isiyofunga haipotezi mipira, kwa hiyo saba itazidi. Wala hakujishtukia. Mdomo ulikuwa unasema lake, na mikono inapakia lake.

"Sikuamini," alisema. Safu mbili zilimsikia. "Nilisema tu. Moyoni sikuamini, wifi, na naona aibu."

Arlys akampa mpira. "Najua ukipigwa haurudi," alisema. "Nenda."

Lorna aliteremka ngazi mbilimbili. Hakumpa refa kwanza, alipita kwa Orrin, akamshikisha mpira ule na kumwambia huu ni wa Arlys, upige vizuri. Safari hii alikuwa anaamini, na Orrin aliliona hilo usoni pake. Akafuta kiatu kwenye soksi, akapiga.

Ukapita katikati, juu kabisa. Ukumbi mzima ukalipuka. Mpira ulipita juu ya kichwa cha Arlys, ukadakwa safu ya tisa na mzee wa Kansas aliyevaa jezi ya wageni, aliyekuja kwa gari saa nne nzima kuona timu yake ikifungwa. Aliutazama, akautia kwapani. Hakuna aliyemgusa. Desturi ni desturi.

Wachezaji walikuwa wanaangukiana zuliani. Lorna akapanda tena hadi safu ya tatu, machozi yanamtoka bila kujificha, akakaa kando ya wifi yake. Mapaja ya Arlys yalikuwa matupu.

"Mwakani lete hamsini," Arlys alisema.

Lorna alijipangusa kwa kofia. "Nitaleta sitini," akasema.