Bakuli la Kinyozi

Kwa miaka kumi na tisa Marlys Haugen alifundisha ufinyanzi katika karakana ya jamii mjini Duluth, kwenye chumba cha chini cha kanisa la zamani, mtaa wa pili kutoka ziwani. Watu hawakumwendea ili wawe wafinyanzi. Walimwendea ili watulie.

"Fumbeni macho," aliwaambia kabla hawajagusa udongo. "Vuteni pumzi. Udongo hauna haraka, nanyi msiwe na haraka. Kitakachotoka kitoke. Hapa hatushindani." Aliyasema kwa sauti laini, na watu wakamwamini.

Mmoja wa waliomwamini ni Delbert Nyquist, kinyozi wa miaka sabini na mmoja. Hakustaafu kwa kupenda. Mikono ilianza kumtetemeka, na hakuna mtu anayemkabidhi koo lake kinyozi ambaye wembe unamcheza mkononi. Binti yake, Joelle, ndiye aliyemsukuma aende karakana. Wiki za kwanza Delbert alikaa mbele ya gurudumu la kufinyangia kaificha mikono ndani ya aproni, mpaka siku moja akaropoka:

"Mwalimu, udongo huu leo utadhani umekutana na tetemeko la ardhi!"

Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka nao. Tangu siku hiyo hakuificha tena mikono.

Februari alifinyanga bakuli. Kuta zake zilikuwa na vijiwimbi vyembamba, kimoja juu ya kingine kutoka chini hadi mdomoni, kama maji yanapopapaswa na upepo. Hakuandika jina chini yake, maana kuchora herufi kulimshinda. Marlys alilichovya kwenye rangi ya kijivu, akalichoma tanurini pamoja na vyombo vyake mwenyewe, na lilipopoa akaliweka kwenye rafu yake kwa kuwa nafasi ilikuwa hapo tu.

Corinne Abbate alilikuta hapo. Huyu ndiye aliyechagua kazi za maonyesho ya majira ya kuchipua katika ukumbi mmoja wa sanaa mjini. Kila mwaka Marlys alimwonyesha kazi zake, na kila mwaka alijibiwa kwa adabu kwamba labda mwakani. Safari hii pia Corinne aliyapita mabakuli manne ya Marlys kama mtu anayepita vikombe vya mgahawani. Kisha akasimama.

"Hili hapa! Marlys, ulikuwa umelificha wapi? Mikono yako imefunguka lini hivi?"

Maneno mawili yangetosha: si langu. Marlys aliyatafuta. Badala yake akajisikia akisema, "Ni kazi mpya. Bado naijaribujaribu."

Corinne akalifunga kwenye karatasi, akaondoka nalo.

Uongo huo ukazaa mwenzake. Jumamosi iliyofuata Delbert aliuliza bakuli lake liko wapi, na Marlys, huku akijifanya anafuta meza, akamjibu kwamba lilipasuka tanurini.

"Lilipasuka?" Delbert akaisogeza aproni yake kando. Kisha akampigapiga begani. "Basi usiwe na huzuni, mwalimu. Mimi vichwa vya watu nimeviharibu vingi tu. Si wewe unayetufundisha kuachilia?"

Marlys alikwenda chooni, akafungulia maji, akasimama pale mpaka uso ulipoacha kuwaka.

Haikupita wiki Corinne akapiga simu. Alitaka mabakuli mengine matano ya namna ile, yakae pamoja na lile. Marlys akakubali. Akafinyanga siku kumi mfululizo, na kila bakuli lilitoka laini na limenyooka, kama mikono yake ilivyozoea. Alijaribu kuchora mawimbi kwa kijiti, yakawa kama alama za uma kwenye keki. Hatimaye, Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla darasa halijaanza, akaketi kwenye gurudumu na kuanza kuitikisa mikono makusudi. Aliitetemesha kuanzia viwiko, akikumbuka jinsi Delbert alivyoinamisha bega la kushoto, naye akaliinamisha lake.

"Kumbe ndivyo ninavyoonekana?"

Delbert alikuwa mlangoni, na kofia yake ya sufu kichwani.

"Siku zote nilijiuliza watu wananiigaje nikiwapa mgongo," alisema taratibu. "Lakini wewe, mwalimu? Wewe?"

Marlys alielewa kwamba mzee amedhani anadhihakiwa. Akaelewa pia, na hilo ndilo lililomchoma, kwamba dhihaka ilikuwa nafuu. Angeomba radhi kwa utani mbaya, na Delbert angemsamehe kabla koti lake halijakauka theluji. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Akalizima.

"Sikuwa nakudhihaki, mzee Delbert. Nilikuwa nakuibia." Akamweleza yote, akitazama sakafu.

Delbert aliketi kwenye kigoda. "Kwa hiyo halikupasuka."

"Halikupasuka."

"Binti yangu alilia. Mimi ndiye niliyembembeleza." Akaiinua mikono yake, ikawa inacheza hewani kati yao. "Hii imeninyang'anya kazi. Imeninyang'anya saini yangu. Supu najimwagia kifuani kama mtoto. Imenipa kitu kimoja tu kizuri, halafu wewe na mikono yako mizima ukakichukua."

"Nitampigia Corinne leo."

"Mpigie sasa. Nikisikia."

Akapiga. Corinne alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Basi ni kazi ya nani?" Marlys akamgeukia Delbert. Delbert akaisogelea simu.

"Ya kinyozi," akasema. "Andika Delbert Nyquist."

Hakurudi tena darasa la Jumamosi. Alihamia la Jumanne, kwa mwalimu mwingine.

Maonyesho yalifunguliwa Mei. Marlys alienda, akasimama nyuma ya watu. Bakuli lilikuwa kwenye meza yake peke yake, na Delbert kando yake kavaa tai, akishikana mikono na kila mtu bila kuificha. Joelle alimwona Marlys, akaja mbiombio na kumkumbatia.

"Mama, asante! Baba ameniambia halikupasuka, lilichanganyika tu na mengine. Umemrudishia mikono yake, unajua?"

"Joelle, ngoja nikwambie..."

"Joelle," Delbert aliita, akiwa ameshawafikia. "Kaniletee maji, mwanangu." Binti alipoondoka, akamwinamia Marlys. "Usimharibie siku yake. Kama unataka kupumua, kapumulie kwako."

Joelle akarudi na maji. Akamshika Marlys mkono, akamzungusha kwa wageni mmoja mmoja, akiwaambia, "Huyu hapa ndiye mwalimu wake." Marlys aliupokea kila mkono ulionyooshwa, akisema asante, asante, na macho yake hayakupanda juu ya vifungo vya mashati yao.