Kipimo Ndani ya Kiatu

"Sifuri nukta tatu," Clara alisoma, kidole kikishuka polepole kwenye karatasi. "Mwaka uliofuata, sifuri nukta mbili. Baba, namba ni ndogo. That's good, right?"

Gelasius alikuwa ameketi jikoni kwao, ghorofa ya kumi na moja, Flemingdon Park, Kanada, koti la kazi ya usafi likiwa bado mwilini. Damu yake ilikuwa imeharibika. Daktari alimwambia hivyo Kwaresima ya mwaka 2016, kisha akamuuliza amewahi kufanya kazi gani. Ndipo yeye na Clara walipoandika Ufaransa kuomba rekodi ya mionzi iliyompata huko. Miezi saba aliingoja bahasha hii, akiiombea kila jioni kwa rozari, maana bila rekodi hakuna ofisi ya fidia ambayo ingekubali kwamba ni kazi iliyomuumiza.

Sasa imefika, nayo inasema hakuumia.

Sainte-Orne, huko Ufaransa, kilikuwa kijiji cha watu mia tisa, lakini kilikuwa na bwawa la kuogelea lenye maji ya uvuguvugu, na taa za barabarani mpaka kwenye mashamba ya ngano. Vyote vililetwa na kodi ya kituo cha umeme wa nyuklia, ambacho minara yake miwili ilifuka mvuke ng'ambo ya mto. Wafagiaji, Gelasius akiwa mmoja wao, hawakuogelea. Waliishi kwenye karavani nyuma ya makaburi, na kila kinu cha nyuklia kilipozimwa kwa matengenezo waliitwa kupiga deki mahali ambapo wenye ajira za kudumu hawakukaa zaidi ya dakika kumi.

Kila mmoja alivaa kifuani kipima mionzi, kidogo kama kiberiti. Kikifika kiwango cha mwaka, unarudishwa nyumbani, kazi imekwisha. Msimamizi hakuwahi kumwambia mtu akivue. Aliuliza tu, "Gelasius, mwezi ujao upo?" Naye, mkewe akiwa na mimba ya Clara, akajifunza kukiacha ndani ya kiatu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kiatu kikabaki salama. Yeye akaingia.

Sasa, bahasha ikiwa mezani, alimpigia simu Urbanus, Mtanzania mwenzake aliyebaki kule.

"Mzee wa Kanada!" Urbanus alicheka. "Baridi haijakumaliza tu?"

"Ingekuwa baridi ningeshukuru. Ndugu yangu, naumwa. Nahitaji shahidi. Useme tu kwamba vipimo tulikuwa tunaviacha viatuni."

Kicheko kilikatika. "Kaka, siku hizi msimamizi ni mimi."

"Najua."

"Nikisema wewe ulivua, wataniuliza, na wewe je? Kisha watauliza juu ya hawa ninaowaingiza leo." Urbanus alivuta pumzi. "Halafu, Gelasius, nani alinifundisha kuvua?"

Gelasius akamwona Urbanus wa siku ya kwanza, midomo imemkauka kwa woga, na yeye mwenyewe akimcheka: Unaogopa kitu usichokiona? Tia kiatuni, bwana, ule mkate.

"Nitakuombea," Urbanus alisema.

"Kuomba naomba mwenyewe. Wewe sema."

Simu ilikatwa.

Clara alikuwa amesikia yote. Alivuta fomu ya pili, ile yenye nafasi ya maelezo kwa asiyekubali rekodi yake. "Tuandike wenyewe, Baba. Just tell me. Nitaweka kwa Kifaransa."

Akamwambia. Kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepiga magoti kwenye kitubio, akataja miaka, chumba, kiatu. Kalamu ilikimbia, kisha ikasimama.

"Wanauliza kama kuna mwingine aliyefanya hivyo," Clara alisema. "Wanataka jina."

Mkono wa Gelasius ulinyooka kuifuata rozari iliyojikunja kando ya bahasha, ukaishia njiani.

"Baba?"

Mlangoni viatu vyake vya kazi vilikuwa palepale alipovivulia, kimoja kimesimama, kingine kimelala ubavu, mdomo wazi.