Muziki wa Ngazi

"Usiguse hata nota moja!"

"Wewe unajua nota ni nini? Hebu nichoree moja hapa, niione."

"Sijui, na wala sitaki kujua. Najua nilichokiona."

"Ulichokiona ni ajali, shemeji. Gari likiacha barabara likavunja ukuta wa duka, hatusemi dereva kabuni mlango mpya."

Okestra nzima ilikuwa imetega masikio. Jamaa wa tarumbeta alijifanya anafuta mate kwenye chombo chake, kumbe umbea unamnoga.

Huyo aliyetaka kuchorewa nota ndiye mtunzi wa muziki. Wapigaji walimwita Profesa. Hakuwa amefundisha popote. Walimpachika jina hilo kwa sababu hawezi kuomba maji ya kunywa bila kukukumbusha kwamba yeye muziki kausomea. Aliyekuwa anabishana naye ni mwongozaji wa filamu, mume wa dada yake mkubwa, mtu wa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba na kuita kila kitu "maono yangu", hata chai. Dada mwenyewe ndiye mhariri, aliyeikata filamu na kuiunga. Alikaa kando ya fundi sauti, mikono kifuani, kama mama anayengoja watoto wachoke kulia.

Filamu ilikuwa ya kutisha, ila ile ya kutisha kichwani, haina mizimu wala damu ya rangi. Mwanamke anaamini kwamba mume aliyerudi safarini siye yule aliyeondoka. Sura ile ile, sauti ile ile, hata kukohoa ni kule kule, lakini siye. Basi anaosha vyombo, anapanda ngazi, anamkandamiza mto usoni, halafu anashuka kumpigia pasi shati.

Hapo ndipo Profesa alipomwaga roho yake yote. Kwa ngazi alitunga wimbo mwororo wa kubembeleza, fidla moja tu, mke akimkumbuka mumewe wa kweli. Kwa mto akafungulia kila kitu: besi zikorome, tarumbeta zipige mayowe, ngoma zigonge kama mtu aliyezikwa hai. Kwa pasi, kimya. Huo muziki wa mto alikuwa akijisifia kwa kila mwenye masikio, pamoja na mlinzi wa getini. Eti watu watatoka ukumbini wakikimbia.

Tatizo ni kwamba sehemu ya ngazi haikuwepo tena kwenye filamu. Dada yake alimpigia simu zamani akamwambia, "Ngazi nimeitoa, mdogo wangu, inachosha. Nimekutumia nakala mpya, itazame."

"Naam, naam," alijibu, na hakuifungua. Kwake yeye mhariri ni mtu wa mkasi tu, anapunguza pindo. Filamu eti anayo kichwani. Na leo, wakirekodi muziki huku filamu ikipita mbele yao, mahali ambapo mwongoza okestra yeyote mwenye akili huinua macho kwenye skrini, yeye aliinamia karatasi zake, kijiti hewani, macho nusu kafumba, anajisikiliza kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe.

Kwa hiyo mwanamke alipoweka mto usoni pa mumewe, ikaingia fidla ya ngazi. Miguu ya mume ikatapatapa, fidla ikazidi utamu. Akashuka, akawasha pasi, akanyoosha kola taratibu, na hapo ndipo tarumbeta na ngoma zote zikamwangukia. Kwa ajili ya kola!

Fundi sauti alivua hedifoni akasema, "Mama yangu." Shemeji akavua miwani. Hapo ndipo wengi walipojua kumbe ana macho.

Profesa alipoelezwa kilichotokea, alitaka kitu kimoja tu: kupiga upya, mto wake urudi mahali pake. Bila hivyo, kazi aliyojivunia kuliko zote ingekuwa ya kunyoosha shati.

"Dada, mwambie mumeo."

"Nimwambie nini? Nilikwambia ngazi nimetoa."

"Hukuniambia vizuri."

"Nilikwambia kwa mdomo huu huu. Ulikuwa unatafuna."

Wa besi wakacheka. Profesa akawatazama kama mtu aliyekanyaga kitu, kisha akamgeukia mpigaji fidla wa kwanza, mama mtu mzima waliyemwita Shangazi. Ndiye aliyepiga ule wimbo wa ngazi.

"Shangazi, wewe ni mtu wa kazi. Waambie hawa."

"Mwanangu, mimi niliinua macho nikaona miguu inarusha mateke, na mimi huku nabembeleza. Nilitaka kuacha kupiga."

"Mmesikia?"

"Nilitaka kuacha kwa sababu niliogopa."

Shemeji akapiga makofi. "Umeona? Hilo ndilo kosa lako zuri kuliko kazi zako zote. Na ukifikiria sana, ndiyo yalikuwa maono yangu tangu mwanzo."

"Maono yako! Wewe ulikuwa unakula karanga!"

"Nilikuwa naona huku nakula."

"Basi jina langu litoe. Sitaki kuonekana kwenye uchafu huu."

"Sawa."

Profesa akangoja. Alizoea kwamba ukisema maneno kama hayo watu wanakushika mkono, wanakuita ndugu yetu, wanakuletea kiti. Hakuna aliyesimama. Dada yake alinyanyuka, moyo wa Profesa ukapata nguvu kidogo. Dada akachukua kijiti pale juu ya karatasi, akampa Shangazi.

"Utaweza kutuongoza na kupiga? Turudie vile vile ilivyotokea, tuwe na nakala safi."

"Nikifika kwenye fidla yangu nitawaongoza kwa kutikisa kichwa."

Taa zikapunguzwa, filamu ikarudishwa. Profesa aliegemea ukuta karibu na mlango, midomo kaibinua, tayari kudharau. Kwa mara ya kwanza akaitazama skrini. Mto ukashuka. Fidla ikaanza kubembeleza, miguu ikatapatapa chini ya shuka, na vinyweleo vyake vyote vikasimama, kuanzia mikononi mpaka shingoni. Haraka haraka akashusha mikono ya shati aliyokuwa amekunja, akafunga vifungo.

Walipomaliza, dada yake alikuwa ameshasimama pembeni yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia takataka."

"Takataka?"

"Takataka tupu. Muziki wa wendawazimu. Hamjui kitu nyie, hata mmoja."

"Sawa, baba. Sasa mbona umefunga vifungo vya mikono, na humu ndani joto hivi?"

Profesa akageuka, akakatiza katikati ya besi bila kumwomba mtu nafasi, akaenda zake.