Macho ya Kiti cha Kushoto

Duku alikuwa amechoshwa na sheria mbili zisizojuana. Ya kwanza ilitaka magari yote yapite kulia. Mwaka jana, 1973, Sudan nzima ilihamishwa upande mmoja wa barabara hadi mwingine, lakini lori lake, Bedford kuukuu alilorudi nalo kutoka ukimbizini Uganda, lilibaki na usukani wake kulekule kulia. Sasa dereva anakaa ukingoni, jirani na mtaro, na akitaka kulipita gari lililo mbele haoni kinachomjia. Ndivyo alivyokufa rafiki yake Ezbon kwenye barabara ya Nimule. Tangu msiba huo, Keji, mke wa Duku, husafiri naye kwenye kiti cha kushoto, shingo nje ya dirisha: "Ngoja. Ngoja. Haya, pita!"

Sheria ya pili ilikuwa mdomoni mwa mkaguzi Paulino, kwenye kizuizi cha darajani.

"Lori ya mizigo habebi abiria. Wewe mama, shuka."

"Huyu si abiria, afande. Huyu ndiye macho yangu."

"Macho yako iko kichwani mwako. Sheria ni sheria."

Damu ikamchemka Duku. Huyu mtu angemwua kwa kanuni ya usalama, kisha aje matangani kula ugali wa asida!

"Basi panda wewe!" akafoka. "Kaa hapo uwe macho yangu, halafu urudi unihubirie."

Askari walikuwa wanatazama, na Paulino hakutaka kuonekana mwoga. Akapanda. Keji akabaki kizuizini, mikono kiunoni.

Ng'ambo ya mto wakalikuta lori la kuni likijikokota na kutimua vumbi.

"Kuko wazi?" Duku akauliza.

"Mimi naona vumbi tu."

"Toa kichwa nje, bwana!"

Paulino akatoa. "Wazi. Pita!"

Duku akakata kushoto.

"Hapana! Basi! Iko basi, rudi!"

Duku akarudi kulia kwa nguvu zake zote. Basi likapita karibu kiasi cha kuondoka na kofia ya mkaguzi. Mguu wa Paulino ulikuwa bado unakanyaga sakafu, ukitafuta breki isiyokuwepo.

Waligeuza, wakarudi. Kizuizini, Paulino akashuka, akajipangusa vumbi.

"Abiria ni marufuku. Hiyo habadiliki."

Duku alitamani kulia kwa hasira.

"Lakini," Paulino akaendelea bila kumtazama, "kila lori lazima iko na kioo ya kutazamia upande wa kushoto." Akamwonyesha Keji kwa kidole. "Kioo ndiyo hii. Khalas, imeisha. Panda, mama."

Askari wakaangua kicheko. Keji akapanda, akafunga mlango, wala hakucheka.

"Ezbon alikuwa na kioo, afande, tena kizima," alisema. "Alichokosa ni mtu wa kumwambia ngoja."