Pigo Lisilolia

Siku za Seyyid Bargashi, kila Idi Pili wanawake wa Dunda na wa Kaole walicheza mpira, na mwamuzi alikuwa Bibi Zaina, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Usicheke. Mwenye macho hudanganywa na vumbi na ushabiki. Zaina alikuwa na masikio. Mpira wenyewe ni donge la utomvu wa mbungo, mtambaazi wa porini, walilowanyima Banyani wanunuzi, ukirushwa juu ya kamba, na sharti ni moja: upigwe, usishikwe. Kofi lililia pa. Ngumi ililia du. Kigasha, huku chini ya kiwiko, kilitoa mlio mzito wa nyama, na ncha za vidole zilikwaruza tu. Mpira ukinyamaza mkononi, umeshikwa. Miaka kumi na miwili hakuna aliyembishia, na jina la mwenye haki alilipenda kuliko bangili zake.

Mwaka huo alikuwa na hofu. Dija, mwanawe, alichezea Dunda, na kesho yake angeolewa na mtu wa Pangani, ndoa ya pili. Ya kwanza, kwa Husseni, ilimng'oa meno mawili. Mara tatu Dija alikimbilia kwao, mara tatu Zaina akamrudisha, asije akaambiwa anamdekeza binti. Sasa alimwomba Mungu mpira wa mwisho usimwendee Dija. Watu wana midomo.

Ukamwendea. Walikuwa sawa kwa sawa. Mchezo mzima Dija alikuwa akipiga kwa vigasha, lakini huu ulikuja juu mno. Zaina akasikia hatua za mwanawe, kisha kimya, kisha kishindo cha mpira kuanguka upande wa Kaole.

"Umeshikwa!" akasema, upesi kuliko desturi yake. "Kaole wameshinda."

Dunda wakanung'unika, lakini neno la Zaina halikuwa na rufaa. Kaole wakaenda na vigelegele uani kwa mkubwa wao, Ashatu, kula pilau. Dija akaja kumshika mama yake mkono, waende nyumbani.

Zaina akagusa matambara. Viganja vya Dija vilifungwa majani ya mbarika na vitambaa, vikinuka hina mbichi.

"Hina si jioni?"

"Shangazi kanipaka asubuhi, mama, ipate kukolea."

Basi ni vitambaa vilivyomeza mlio. Mpira ulipigwa, na kila mwenye macho aliona.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuja kwako mdomo umejaa damu, nikasema. Ukaniambia nirudi."

Zaina aliona aibu. Akamwambia Dija amwongoze kwa Ashatu. Walipoingia uani, vigelegele vikakatika.

"Nimekosea," akasema. "Mpira ulipigwa."

"Yamekwisha hayo, bibi," alisema Ashatu, mkono ungali kwenye sinia. "Au unataka tuwape Dunda pilau?"

"Pilau kuleni. Mwanangu nilimrudisha kwa Husseni mara tatu, na huko nako nilikosea. Nataka anisikie nikiyasema haya mbele za watu."