Duara la Wino

Mwanamke aliyebisha hodi hakuwa na miadi. Alisimama mlangoni ameikumbatia bahasha ya kaki, na Profesa, aliyekuwa akiipitia hotuba yake kwa mara ya mwisho, akadhani ameletewa kadi ya pongezi.

"Shikamoo. Mimi ni binti wa Macho."

Profesa aliiweka hotuba mezani. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyelitaja jina hilo mbele yake. Macho alikuwa fundi wa chumba cha giza, msafishaji wa picha za anga zilizopigwa juu ya vioo. Kulinganisha kioo kipya na cha zamani haikuwa kazi yake, ila hakuweza kujizuia. Asubuhi moja alizungushia nukta moja duara la wino wa buluu, akacheka: "Mwalimu, huyu juzi hakuwapo. Kaingia bila hodi!"

Nukta ile ilikuwa supanova, nyota iliyokufa kwa mlipuko, ikang'aa kuliko mamilioni ya wenzake kwa pamoja. Ndiyo iliyompa Profesa cheo, vitabu, na leo saa tisa, ukumbi utakaozinduliwa kwa jina lake. Alikuwa amemwahidi Macho kumtaja. Kisha, kabla ya kukipeleka kioo kwa wakubwa, aliufuta wino kwa pamba na spiriti. Alijiambia ni usafi tu.

"Baba yako hajambo?"

"Yupo. Macho yenyewe yamezima, jina ndilo limebaki. Hucheka akisema hivyo." Binti alitoa simu. "Anaomba kuisikiliza hotuba. Nimpigie, simu ikae karibu nawe. Tafadhali, mama."

"Atasikia. Nakuahidi."

"Na amesema nikurudishie hii. Mimi sijui ni ya nini."

Ndani ya bahasha mlikuwa na kitonge cha pamba, kikavu, chenye doa la buluu.

Kumbe Macho alijua. Alikiokota kwenye pipa, akanyamaza miaka yote hiyo. Profesa, aliyetumia maisha yake kupima mabaki ya milipuko ya mbali, alikipeleka kitonge kile kwenye mwanga wa dirisha.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mkuu wa kitivo alisimama kando ya kibao kilichofunikwa kitambaa, kamba mkononi. Wanafunzi wa zamani wa Profesa, sasa nao maprofesa, walikaa mstari wa mbele, nyuso zimewaka fahari. Aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayewaaga. Aliiweka simu ya binti, mzee akiwa hewani, kando ya kipaza sauti, pamba juu ya hotuba.

"Supanova ile," alianza, "sikuiona mimi. Aliyeiona ni fundi wetu wa vioo. Aliizungushia duara, nami nikalifuta kwa mkono huu."

Kiti kililia mahali fulani. Mkuu wa kitivo aliiachia kamba polepole, na kitambaa kikabaki palepale.

Simu ilikohoa.

"Duara lilikuwa kona ya chini, Mwalimu," ilisema sauti ya mzee. "Kushoto."