Gauni Nililolifua Mimi

Mimi nilikuwa dobi wa timu ya mpira, na nitasema mapema kwamba kazi yangu naijua. Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye chumba kile chini ya jukwaa, na mashine mbili, mabeseni sita na pasi ya mvuke ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila mimi. Jezi ikitoka uwanjani na matope, majani na damu ya pua, niliirudisha safi hadi mwenyewe anauliza kama ni yake kweli. Wachezaji waliniita Mama Sabuni. Makocha walikuja wakafukuzwa, mimi nikabaki.

Na nguo kwangu hazikuwa na siri. Nilijua nani ameanza kuvuta sigara, nani anaficha goti bovu, nani hakulala kwake. Nilikuwa natamba kwa hilo mbele ya watu, huku nakunja taulo, na binti yangu alikuwa anacheka pamoja nao.

Nasema binti yangu, ingawa ni wa mdogo wangu, marehemu. Aliniachia akiwa na miaka saba, na wakati wa mambo haya alikuwa na ishirini na mbili. Ananiita mama mkubwa. Kazi ya klabuni nilimtafutia mimi: kupeleka taulo na nguo safi vyumbani kwa wachezaji timu inapokuwa kambini. Nilimsumbua meneja miezi mitatu mpaka akachoka akakubali. Hilo nalo ninalo moyoni.

Jumanne moja alirudi nyumbani saa kumi jioni, mapema kuliko kawaida yake. Akasema kichwa kinamuuma, akaingia chumbani. Nilipokwenda uani nilikuta gauni lake la kazi, lile la bluu, kwenye beseni langu. Lilikuwa juu ya nguo nyingine zote, limetandazwa vizuri. Vifungo viwili vya kifuani havikuwepo, na nyuma, chini ya kiuno, kulikuwa na damu.

Mtu mwingine angeacha kila kitu akaenda kugonga mlango. Mimi mikono yangu haijui kutulia mbele ya doa. Damu haitaki maji ya moto. Inataka maji baridi na chumvi, kisha sabuni ya kipande, unasugua taratibu kwa upande wa ndani. Nikajiambia ni siku zake. Vifungo nikajiambia vimenaswa na vitasa vya milango ya kule kambini. Nikafua, nikashona vifungo vingine, na kesho yake nikapiga pasi nikalitundika mlangoni kwake. Na kusema kweli, nililitazama nikajisifu.

Ijumaa alikwenda polisi, peke yake, akamtaja Mshale.

Mshale alikuwa mshambuliaji wetu. Mabao ishirini na manne msimu ule, na bado mechi sita. Kinyozi wa mtaani kwetu alibandika picha yake juu ya kioo, na watu waliokuwa hawasalimiani walikumbatiana kwa ajili yake. Hata mimi jezi yake niliifua peke yake, isichanganyike na za wengine.

Jioni ile ile binti yangu alikuja na mpelelezi, mwanamke wa makamo mwenye viatu vilivyolika soli, kuchukua gauni. Hapo ndipo nilipoelewa. Mpelelezi alilishika, akalinusa, akauliza nani amefua. Nikasema mimi, nimelifua na rundo zima, sikuangalia. Binti yangu alinitazama mara moja, akageukia ukuta. Mpelelezi alilitia gauni kwenye mfuko hivyo hivyo, likinukia sabuni, akatuaga kwa adabu.

Magazeti hayakuandika jina la msichana, yaliandika tu "mfanyakazi wa klabu". Haikusaidia. Redio ya asubuhi ilifungua laini za simu, na waliopiga walikuwa wanajua kila kitu. Mmoja alisema msichana gani anaingia chumbani kwa mwanamume na taulo mkononi halafu anashangaa. Mimi nikaijibu redio kwamba taulo ndiyo kazi yake, nikaizima, nikaiwasha tena. Mwingine akauliza kwa nini alikaa siku tatu. Wa tatu, sauti yake ya upole kabisa, akauliza: kama ni kweli, nguo iko wapi?

Swali hilo likatembea. Nililikuta dukani, nikalikuta kwa kinyozi, nikalisikia kwa muuza tiketi ambaye nimekula naye mchana kwa miaka mingi. Alikuwa ananong'ona akidhani ananipa siri. Mbele yangu watu waliongea bila kujizuia, maana hawakujua kuwa msichana anayesemwa ni wa kwangu. Nilijikaza kisabuni, kama wasemavyo, nikamenya viazi vyangu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Alirudi Jumapili baada ya siku tano barabarani, redio ikiwa ndiyo mwenzake wa safari, na amevaa jezi ya timu. Mimi nilikuwa sijapata ujasiri wa kumwambia kwa simu. Tukiwa mezani akaanza: msichana gani huyo, ameona mguu wa mwenzake una pesa naye anataka kula hapo hapo. Binti yangu alikuwa anapakua. Alilitua bakuli pole pole, akafuta ukingo wake kwa kidole.

"Baba," akasema, "ni mimi."

Mume wangu hakula siku ile, na kesho yake pia sikumwona akila. Hakuomba radhi, hakujua aanzie wapi. Alichofanya ni kuitoa redio ndani ya nyumba. Lakini kuna siku nilimkuta amekaa ndani ya lori lililosimama, vioo vimepandishwa, anasikiliza mpira. Sikumgombeza. Na mimi ni mtu wa kugombeza.

Jumamosi iliyofuata Mshale alichezeshwa. Klabu ilisema hana hatia mpaka ithibitishwe, na sheria ndivyo isemavyo, sina neno na sheria. Alipoingia, uwanja mzima ulisimama ukapiga makofi. Mimi nilikuwa chini yao. Miguu ilipiga juu ya kichwa changu, vumbi likadondoka kwenye taulo safi. Nilipochungulia niliona shuka jeupe limening'inizwa jukwaani, limeandikwa kwa rangi nyekundu: NGUO IKO WAPI. Lilikuwa shuka la kitanda la mtu, la pamba nzuri, na ile rangi haitatoka maisha. Waliolishika nawafahamu. Mmoja ni jirani yetu, aliyembeba binti yangu mgongoni siku tuliyomzika mama yake. Kama angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikapumua.

Wiki iliyofuata mpelelezi alinipigia simu. Alisema kesi imebaki neno la huyu dhidi ya neno la yule. Kama kuna mtu aliliona gauni kabla halijafuliwa, aje aandikishe maelezo. Hakusema anamfikiria nani.

Siku hiyo hiyo meneja aliniita ofisini, akanipa kiti, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alikuwa amekwisha kujua kwamba msichana wa kesi ni yule niliyemwombea kazi. Akaniuliza habari za mgongo wangu. Akasema hakuna anayeniomba niseme uongo.

"Nguo ngapi unafua kwa siku, Mama Sabuni?" akasema. "Utaikumbukaje moja?"

Nilitoka pale nikarudi kwenye mabeseni yangu. Nitasema wazi kwamba kazi niliihofia, nani asiyehofia. Lakini hofu kubwa ilikuwa nyumbani. Ili niseme polisi kwamba niliona, ilibidi binti yangu asikie kwamba niliona. Nilikuwa nimeshamwambia sikuangalia. Uongo ule ndio uliokuwa umetukalisha meza moja, au ndivyo nilivyodhani.

Siku mbili sikulala. Siku ya tatu nilimwambia twende, tukaenda. Tulikaa kwenye benchi moja mbele ya mpelelezi, nikasema yote: damu, ilipokuwa, vifungo, maji baridi, chumvi. Aliandika taratibu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Ulipoiona damu, mama, ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

Nikasema nilikuwa naogopa atanijibu.

Tulipotoka, binti yangu alikaa kwenye ngazi za kituo, nami nikakaa kando yake. Nilianza kuomba radhi kwa ule uongo, akanizuia kwa mkono. Hakuwa na hasira. Ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Nilijua umeona," akasema. "Ukifua huwa unaimba. Siku ile hukuimba."

Alitazama barabarani, akaendelea.

"Nililitandaza juu makusudi, mama mkubwa. Mdomo wangu ulikataa. Nikajisemea wewe utaliona, utaniita. Nikakaa kitandani nasikiliza maji, nangoja uniite."

Mimi nililia, yeye hakulia. Alinipa kitambaa chake, akasubiri nimalize, tukarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka watu wanione.

Faili lilifungwa baada ya miezi miwili. Walisema maelezo ya ndugu hayatoshi, na gauni limepoteza kila kitu. Siku habari ilipotangazwa, magari yalizunguka mjini yakipiga honi. Mshale alinunuliwa na timu kubwa zaidi, watu wakamsindikiza mpaka uwanja wa ndege, wakilia kwa kumkosa. Mimi niliambiwa nafasi yangu imeunganishwa na nyingine. Muuza tiketi alinisaidia kubeba vitu vyangu hadi getini, macho yake chini muda wote.

Sasa nafua nguo za watu hapa nyumbani. Binti yangu bado yuko nasi, amepata kazi kwenye duka la vitabu na kalamu. Anakula, ananisalimia asubuhi, na kuna siku mume wangu humchekesha. Mtu akitutembelea ataona familia nzima.

Ila nguo zake anafua mwenyewe, bafuni, mlango ameufunga kwa ndani, na anazianika chumbani kwake. Tangu siku ile sijashika hata soksi yake. Jana nilimsikia, nikagonga, nikamwambia nipe nikusaidie, mimi nina beseni kubwa huku nje na jua lipo.

"Usijali, mama mkubwa," akasema. "Nimeshamaliza."

Maji yalikuwa bado yanamwagika.